Jiwe la Shangazi

Nyuma ya mabanda ya mbwa wa kikosi kuna kiwanja kidogo, mawe kumi na manne yamepangwa safu mbili. Kila jiwe lina majina mawili: la mbwa juu, la mwongozaji wake chini, hata kama mwongozaji mwenyewe bado yuko hai anakunywa chai yake. Ndiyo heshima yao. Mbwa aliyekosea kazini hapati jiwe. Huyo hutupwa shimoni pamoja na majani yaliyofyekwa, na habari yake imekwisha.

Shangazi alikuwa na siku ya tisa sasa ndani ya friji ya daktari wa mifugo, akisubiri ijulikane ni wa jiwe au wa shimo. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kupita penye mzigo wa mtu bila kuupekua. Miaka saba alinusa mabegi pale stesheni, na miaka hiyo yote mwongozaji wake, mwanamume wa maneno machache na tumbo la kutosha, alimchana manyoya kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe alizoea kumtania kwamba kamletea mke mwenza mwenye mkia. Siku hizi hatanii tena.

"Nyamaza tu, baba watoto," alimwambia asubuhi ya siku hiyo ya tisa akimfunga bendeji mkononi. "Mbwa kashakufa. Sisi tunakutaka hapa nyumbani, si jela."

Maana mke peke yake ndiye aliyejua. Shangazi hakukosea. Kazi yake ilikuwa kukaa kimya akinusa baruti, na siku ile alikaa, kitako kabisa, mbele ya begi la bluu. Lakini mwezi mzima nyonga zilikuwa zikimsumbua, akawa anakaakaa ovyo, na mwongozaji alimficha daktari jambo hilo ili Shangazi asije akastaafishwa na kupewa mtu mwingine. Basi akadhani ni nyonga zile zile. Akavuta kamba. "Twende mama, tumalize tukapumzike." Shangazi alimtazama, akakaa tena. Akavuta tena. Hawajafika hatua ishirini, mpagazi akaliinua lile begi, likalipuka, likamuua pamoja na Shangazi.

Mapenzi gani hayo, jamani.

Sasa mkuu wa kikosi, mama mmoja mkavu asiyependa kuzungushwa, alikuwa ofisini na fomu mezani, daktari wa mifugo kaketi pembeni, mwongozaji kasimama mbele yao.

"Daktari kakuta nyonga zimelika," alisema. "Mbwa mzee, pua imechoka. Naandika kwamba alipita bila kuonyesha. Shimoni. Una neno?"

Hapo mwongozaji alikuwa amepona. Angesema hana neno, asingeulizwa tena maisha yake yote. Akamwona Shangazi akilini, akiburutwa kwa mguu na kutupwa kwenye toroli la majani.

"Alikaa," alisema.

"Nani alikaa?"

"Shangazi. Alikaa mara mbili, afande. Mimi ndiye niliyemvuta."

Daktari akainamia viatu vyake. Mkuu akaichana fomu na kutoa karatasi nyeupe.

"Atapata jiwe lake," alisema. "Ila litakuwa na jina moja. Wewe hutaandikwa chini yake."

Hilo lilimuuma kuliko jela, asikwambie mtu. Akaitikia kwa kichwa.

"Siku tisa ulinyamaza," mkuu akaendelea. "Mama wa yule mpagazi kaja hapa mara tatu kuniuliza mwanawe kafa kwa sababu gani, na mimi namwambia ni mbwa. Leo ndiyo umefungua kinywa, na umekifungua kwa ajili ya mbwa."

Mwongozaji alishikwa na haya, haya zile za kumfanya mtu mzima atamani ardhi ipasuke immeze.

"Kaa uandike yote. Anza na marehemu."

Akavuta kiti, akashika kalamu kwa mkono ule mzima. Tarehe ya kuzaliwa ya Shangazi, uzito wake, jino lililovunjika, vyote alivijua kwa moyo. Lakini redio ilipotangaza habari ya stesheni aliizima, na mazishini hakwenda, alisingizia mkono. Kalamu ikabaki juu ya karatasi bila kuigusa.

"Samahani, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Yule mpagazi alikuwa anaitwa nani?"