Unga wa Mifupa ya Babu

"Funga hayo maoni, Kune, kabla sijaivunja hiyo simu pamoja na mkono unaoishika."

Kajetani alifoka, lakini Kunegunda hakuinua macho kwenye simu. Tangu warithi mashine ya kusaga ya marehemu baba yao pale Bombambili, kaka yake Kajetani alishika mota na mikanda, naye, na stashahada yake ya masoko, akashika maneno. Yeye ndiye aliyeanzisha blogu ya biashara yao: bei ya sembe, namna ya kukausha mahindi, picha za viroba vipya. Na yeye ndiye aliyebishana na Kajetani mpaka sauti ikamkauka, wasomaji wakaruhusiwa kuandika maoni. "Biashara isiyosikia ni kiziwi anayeuza ngoma," alimwambia.

Maoni ya kwanza yalitoka Tunduru, kwa Abdulswamadu, mfanyabiashara wa korosho, Myao, mtani wao wa kurithi. Ndiye aliyejilaza ndani ya kaburi la baba yao siku ya mazishi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Aliandika: "Wangoni hawa wamemaliza mahindi, sasa wanasaga mifupa ya babu zao. Ndiyo maana unga ni mweupe hivyo."

Kunegunda alicheka mpaka akashika mbavu. Hakufuta. Mtani hafutwi.

Lakini wiki hiyohiyo, upande wa Ruhuwiko, kaburi moja lilikutwa limefukuliwa. Na mji umejaa watu wa kila mkoa, wasiojua nani ni mtani wa nani. Chini ya mzaha likaja swali, chini ya swali likaja tusi, na chini ya tusi wito: "Kesho asubuhi, mashineni kwao. Njooni na petroli."

"Nikifunga sasa watasema tumekiri," Kunegunda alisema.

"Usipofunga watatuchoma!"

"Wameshasoma, Kaka. Nikifunga nitaziba masikio yetu, si midomo yao."

Akampigia Abdulswamadu. "Mtani, matapishi yako yametuletea moto. Njoo uyalambe."

"Tangu lini Mngoni akaogopa moto?" Abdulswamadu alicheka. Kisha akasikia jinsi Kunegunda alivyokuwa akihema. "Nakuja."

Asubuhi walikuja kweli. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha mizani. La pili lilimpata mama mteja aliyekuwa akitoka na ndoo yake ya unga. Akaanguka, unga ukamwagika mlangoni, nao wakamruka kama gogo. Kajetani akatoka na panga.

"Atakayevuka kizingiti hiki ataacha mguu!"

Jamaa mwenye jezi nyekundu akamrushia tofali. Lilimpiga begani, akapepesuka, lakini panga lilishuka na kupasua dumu mkononi mwa mtu wa pembeni. Petroli ikamwagika mlangoni. Kunegunda akasikia kiberiti kikitikiswa.

Hapo pikipiki ikafunga breki nyuma ya umati. Abdulswamadu akashuka, kanzu imejaa vumbi la safari, akapenya katikati yao bila kuomba njia. Alipofika mlangoni akajilaza chali juu ya kizingiti, kichwa kwenye petroli, miguu kwenye unga.

"Washeni," alisema. "Aliyeandika ni mimi." Akachota unga konzi nzima, akautia kinywani, akatafuna. "Mmh! Huyu ni babu yao wa upande wa mama. Mtamu. Yule wa upande wa baba alikuwa mchachu, nilimwonja mwaka jana."

Jiwe likamfuata mdomoni. Jino lilitoka. Damu ikachuruzika ndani ya unga, ukawa uji mwekundu, naye akaendelea kutukana kwa mdomo uliopasuka.

Bibi Walburga, Mngoni mzee aliyekuja na fimbo yake kupiga kama wengine, akasogea, akainama.

"We! Huyu si yule Myao wa kaburini?"

"Shikamoo, kizee. Wewe bado hujasagwa?"

"Marahaba, mbwa mkubwa wewe!" Bibi akacheka, akamchapa fimbo ya paja. Kisha akageuka, na kicheko kikafutika usoni. "Nani amempiga mtani wetu jiwe? Mnajua faini ya damu ya mtani? Mtalipa ninyi?"

Wangoni waliokuwa kwenye umati wakatazamana. Mmoja akamnyang'anya mwenye kiberiti, mwingine akamzaba kofi. Waliokuja pamoja kuua wakaanza kuumizana wenyewe kwa wenyewe, ngumi kwa viwiko, wakarudishana hadi barabarani, wakatawanyika. Mwenye jezi nyekundu alibebwa na wenzake, sikio likimning'inia.

Kunegunda aliwakalisha ndani mama mteja na mtani wao, akafunga taya la Abdulswamadu kwa khanga yake mwenyewe.

"Sasa?" Kajetani aliuliza. Panga lilikuwa bado mkononi.

"Msifunge," Abdulswamadu alisema kwa shida. "Sijamaliza kuwatukana."

Kunegunda akafungua simu. Chini ya maoni yote palikuwa na jipya: picha ya mlango wao, unga na damu. "Mmeona? Ni kweli!" Na chini yake wengine, majina yasiyo na sura, wakiitana tena.

Akamgeuzia Abdulswamadu ile picha.

"Hapa ulipata kizingiti cha kulalia, mtani," alisema. "Kule ndani ya simu utalala wapi?"

Akafunga maoni yote. Mahali pake akaandika: "Mwenye neno aje alisemee mashineni." Kidole kilimuuma kama amekikata.

"Basi faini ni majogoo wawili," Abdulswamadu alisema. "Mmoja wa jino, mmoja wa kunifunga mdomo."

Kajetani akaelekea kwenye banda la kuku, panga mkononi.

"Wewe!" Abdulswamadu akatema damu, akanyoosha mkono. "Panga lete hapa. Nachinja mwenyewe. Sili nyama iliyochinjwa na msaga mababu."

Kajetani akasimama. Kisha akaligeuza panga, akampa kwa mpini.