Jezi za Leso

Nikisikia mtu akisema Tufani ilichukua kombe mwaka wa tisini na nne, damu hunichemka. Tufani ipi? Tufani ya wanaume mwaka ule ilishuka daraja, ikafungwa mpaka na timu ya wapishi wa hoteli. Kombe tulilichukua sisi wanawake, na tulilichukua bila uzi mmoja wa jezi ya Tufani mwilini. Wanaosimulia vingine hawakuwapo, au walikuwapo na wanaona haya.

Mimi ni Barke. Asubuhi nilikuwa nikikaanga viazi vya karai kando ya barabara pale Kisauni, na jioni nilikuwa kapteni wa timu ya wanawake ya klabu ya Tufani. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Nassor, mwenye duka la mbao na saruji. Msidhani alianzisha timu ya wanawake kwa mapenzi. Wakubwa wa mpira walikuwa wamesema klabu isiyo na wanawake haitapewa kiwanja, naye akatukusanya kwa wiki moja, akatupiga picha, akapewa kiwanja Junda. Baada ya hapo wanaume wakawa wanafanya mazoezi jua likishapoa, na sisi tukapewa saa nane ya mchana, mchanga ukichoma nyayo. Kocha alikuja mara mbili, kisha akahamia kwa wanaume. Basi nikawa kapteni na kocha, na mwenye kubeba mipira.

Jezi zetu zilikuwa zile wanaume walizozichoka. Tulizifua wenyewe, tukazitia viraka, tukahamisha vifungo. Ya Mwikali, mshambuliaji wetu, msichana wa Kikamba aliyekuja Mombasa kutafuta kazi ya kiwandani akapata ya kufagia, ilikuwa na tundu begani la kupitisha ngumi. Alilishona kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha buluu, na kila wiki tundu likarudi. Hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba ya wote, na kila nikienda dukani kwa mwenyekiti nilianza kwa adabu, "Shikamoo, mwenyekiti," naye hujibu "Marahaba" huku akihesabu misumari, macho hayajaniangalia.

Msimu ulianza vibaya. Likoni walitufunga matatu kwao, tukarudi na feri tumenyamaza kama tunatoka mazikoni. Halafu tukaamka. Changamwe tuliwafunga, Mtwapa tukawafunga mvua ikinyesha. Kule Chaani vijana walikaa juu ya ukuta wakatupigia kelele mchezo mzima, "Rudini jikoni! Chakula kinaungua!" Golikipa wetu Rosalia alikuwa mwenyeji wa hukohuko, na miongoni mwa waliokuwa ukutani alikuwamo kakake wa tumbo moja. Alidaka penalti mbele ya kakake huyo, akaukumbatia mpira, akamtazama mpaka yule akateremka ukutani. Nikikumbuka nafurahi mpaka leo.

Tukafika mchezo wa mwisho. Likoni tena, safari hii kwetu Junda, Jumapili alasiri. Wao walituzidi pointi moja. Tukishinda kombe la Pwani ni letu, tusiposhinda ni lao. Hesabu nyepesi, hata mtoto wa chuo cha Kurani anaijua.

Jumamosi asubuhi mwenyekiti alikuja nyumbani kwetu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu aanze kuwa mwenyekiti. Jezi zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, zimefuliwa tayari kwa kesho. Alikuwa na gunia.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua jezi."

"Jezi zipi?"

"Za klabu. Wanaume wana mchezo wa kirafiki kesho Changamwe. Zao mpya hazionekani, yule kapteni wao amehama nazo. Tutatumia hizi." Na huku anaanguaangua, vibanio vinaanguka chini.

Nilidhani anafanya mzaha. "Mwenyekiti, wanaume wameshashuka daraja. Wacheze vifua wazi, nani atawauliza? Sisi kesho tuna kombe! Refa Phineas amesema timu isiyo na jezi za namna moja, zenye namba mgongoni, imeshindwa kabla ya kuanza."

"Wamealikwa watu wakubwa kule. Siwezi kuwapeleka vijana wangu kama wapakuzi wa makaa."

"Na sisi?"

Ndipo aliposema maneno ambayo nimeyaweka moyoni kama mtu anavyoweka amana. "Barke, sikiza. Jezi hizi ndizo Tufani. Bila jezi hizi nyinyi ni wasichana tu mnaokimbia juani." Akafunga mdomo wa gunia, akaenda zake.

Sikulia. Kulia kungekuwa heri. Nilikwenda kwenye karai langu nikaanza kuponda viazi vya kutia kwenye chatini ya kuchovyea, nikaviponda mpaka vikawa uji. Bi Mwanarehema akanikuta hapo. Huyu alikuwa mke wa Nassor huyohuyo, na kila asubuhi alinunua viazi kwangu, ingawa jikoni kwake alikuwa na wapishi wawili.

"Barke, mbona waviponda viazi kama vimekukosea?"

Nikamwambia. Sikuchagua maneno, wala sikujali kwamba namsema mumewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua buibui lake lisiguse vumbi.

"Nifuata," akasema.

Chumbani kwake palikuwa na robota la leso limefunguliwa kidogo juu. Mtaa mzima tulijua ni leso gani. Binti yake Tima alikuwa aolewe baada ya wiki mbili, na hizi zilikuwa sare za harusi, za rangi ya zafarani na nyekundu, ambazo wanawake wa upande wa bibi harusi wangezivaa siku ya vugo, wakipita mtaani wakigonga pembe na kuimba. Nassor mwenyewe ndiye aliyechagua maneno ya leso, apate kuwaringia wakwe zake: BINTI MWEMA TAJI LA BABA.

"Chukua za timu nzima," Bi Mwanarehema akasema.

"Bi Mwanarehema, hizi ni za harusi. Mzee atatuua."

"Sare huvaliwa na nani? Si huvaliwa na watu wa bibi harusi? Basi nyinyi ni watu wetu. Tima!" Tima alikuwa ndani, kafungiwa akisingwa, akisuguliwa manukato ya harusi.

"Abee, mama."

"Wataka Barke na wenziwe wavae sare yako kesho uwanjani?"

Kikatoka kicheko. "Wallahi wakifungwa nayo nitawadai mpya."

Fundi Lewa, mshonaji wa barazani pale Junda, alikuna kichwa. Alisema leso si kitambaa cha fulana, itapasuka kwapani, na shingo italegea. Nikamwambia ipasuke, bora ipasuke baada ya filimbi ya mwisho. Akakata. Maneno ya leso aliyapitisha mgongoni, na juu yake akashona namba za marikani nyeupe. Wasichana walikuja mmoja mmoja kupimwa, kila mmoja na hasira yake aliyokuja nayo, na hasira hizo zikatukalisha pale kibarazani mpaka namba ya mwisho iliposhonwa. Hakuna aliyekwenda kwao kwanza kuomba ruhusa.

Jumapili tulipoingia kiwanjani watu walicheka. Walicheka sana. Likoni walikuwa na jezi mpya zinazong'aa, soksi mpaka magotini, na mmoja wao akaniuliza, "Mwaja mpirani au mwaja ngomani?" Nikamwambia asubiri, atajua. Refa Phineas alitupanga mstari, akazunguka nyuma yetu, akasoma. Nilimwona amebana midomo asicheke.

"Zote namna moja," akasema. "Zote zina namba. Chezeni."

Tulicheza. Sina haja ya kuupamba mchezo ule, haukuwa mzuri. Ulikuwa mchezo wa viwiko na vumbi. Leso ya Rosalia ilipasuka kwapani kabla ya mapumziko, kama fundi alivyosema, tukaifunga fundo akarudi golini. Mimi nilipigwa buti mdomoni, nikatema damu, nikaendelea. Likoni waligonga mwamba mara mbili. Wanawake wa mtaani walikuwa wamejaa upande mmoja wa kiwanja, na Bi Mwanarehema katikati yao amesimama wima muda wote.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea ukingoni tulipopata kona. Niliipiga mimi. Mwikali hakuruka kwa kichwa, alijitupa mzimamzima, na mpira ukamgonga kifuani ukaingia. Bao la kifua! Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka barabara ya Malindi, na sijali nani anasema natia chumvi.

Filimbi ya mwisho ikalia. Tulikuwa tumeanguka chini tunakumbatiana, na hapo ndipo gari la mwenyekiti lilipoingia, likitokea Changamwe. Wanaume walikuwa wamefungwa matano. Alishuka akifunga vifungo vya koti, akapita katikati yetu kama anaruka madimbwi, akaenda moja kwa moja kwenye meza iliyowekwa kombe. Mgeni rasmi akauliza kiongozi wa klabu ni nani. "Mimi," akasema Nassor. Akapewa kombe. Akalinyanyua juu, akapigwa picha, anatabasamu, na mimi nimesimama nyuma yake damu inanitiririka kidevuni!

Alipogeuka ndipo alipotuona migongo. Alisoma. Uso ukambadilika rangi.

"Mmekata sare za mwanangu?"

Akatia kombe ndani ya gari juu ya gunia la jezi, akaondoka. Kesho yake alilifungia kabatini katika ofisi ya klabu, chumba kile kilichopakana na duka lake, na akatuma mtu kutuambia timu ya wanawake imevunjwa kwa kuitia klabu aibu. Nilipotuma ujumbe kwamba basi tupewe kombe letu, jibu lilikuwa fupi: kombe ni la Tufani.

Wiki mbili zile sikukaanga vizuri. Niliunguza, nikapunja chumvi, nikagombana na wateja. Mama yangu aliniambia niache, nimwachie Mungu. Nikasema Mungu hakuwa na haja ya kombe, mimi ndiye nalitaka. Nilimwita Mwikali, nikamwita Rosalia, nikawaita wote: siku ya vugo tutakwenda, na tutavaa sare tuliyopewa. Hiyohiyo. Isifuliwe.

Vugo lilitoka alasiri. Wanawake wa Kisauni walijaa barabarani kwa leso za zafarani na nyekundu, pembe zinagongwa, nyimbo zinaitikiwa, na Bi Mwanarehema mbele kabisa. Sisi tuliingia katikati na fulana zetu za leso, zenye vumbi la Junda na madoa ya damu, juu ya kanzu zetu safi. Hakuna aliyetusukuma pembeni. Aliyevaa sare ni mtu wa bibi harusi, na mtu wa bibi harusi hafukuzwi harusini, hata na baba wa bibi harusi.

Nassor alikuwa mbele ya duka lake, amevaa joho, amekaa na wakwe zake waliotoka Mji wa Kale, wazee wenye vilemba na fimbo za mpingo. Msafara ulipofika hapo Bi Mwanarehema alinyanyua pembe yake juu, na kugonga kukakoma. Mimi nilikuwa sikupanga naye neno, wallahi. Aligeuka akanitazama tu.

Nikatoka mstarini.

"Mwenyekiti, nimefuata kombe."

Alicheka kicheko cha kuonyesha watu, akawatazama wakwe. "Barke, leo ni harusi. Mambo ya mpira kesho. Nimeshakwambia, kombe ni la Tufani."

"Na Tufani ni nini, mwenyekiti?"

Akajirekebisha joho.

"Ulikuja kwetu na gunia ukaniambia Tufani ni zile jezi. Ukasema bila jezi zile sisi ni wasichana tu tunaokimbia juani. Jezi zako siku ile zilikuwa Changamwe, zimefungwa matano. Basi kombe lile halikuchukuliwa na Tufani. Limechukuliwa na wasichana tu, waliokimbia juani. Tupe kombe la wasichana."

Mkwe mmoja, mzee mwenye kilemba cheupe, alijiinamisha kusoma mgongo wa Rosalia, neno kwa neno, kisha akamgeukia Nassor. "Maneno haya si ndiyo uliyotwambia umeyachagua mwenyewe?"

"Naam," akasema Nassor.

"Na hawa ndio mabinti?"

Mwenyekiti aliangalia barabara iliyojaa leso zake, maneno yake mwenyewe viunoni na vichwani mwa kila mwanamke wa mtaa, na mkewe aliyeshika pembe asiyeigonga. Alijua vugo halitasogea hapo mpaka kombe litoke. Mkono ukaingia mfukoni mwa kanzu. Ukatoka na ufunguo.

Mwikali ndiye aliyefungua ofisi na kabati, akatoka na kombe, bado lina karatasi ya bei shingoni. Alilipangusa kwa pindo la fulana yake. Pembe zikagongwa tena.

Nassor alibaki amesimama njiani mwangu, kama anangoja. Nilijua anangoja nini. Ni mtu mzima, na mimi nililelewa. Nikampita bila kumpa shikamoo yake, mara ya kwanza maishani mwangu kumpita mtu mzima hivyo, na mpaka leo sijamwomba radhi.