Injini Isiyo na Nundu

Ndaki alikuwa fundi bati pale Bariadi mjini. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na kwa miaka thelathini na moja alitengeneza vitu vya aina tatu: majiko ya mkaa, masanduku ya wanafunzi wa bweni, na mifereji ya kukinga maji ya mvua. Vitu vyake vilidumu. Lakini hakuna mteja aliyewahi kusimama mbele ya kazi yake akasema ni nzuri. Waliuliza tu kama haitavuja.

Mke wake alipofariki, miaka minne iliyopita, Ndaki alianza kutengeneza garimoshi.

Wazo hilo lilitoka mbali. Alizaliwa Malampaka, nyumba ya tatu kutoka relini, na kaka yake Mahona, aliyemzidi miaka kumi na tano, alikuwa fayamani, mtu wa kuangalia moto kwenye injini za mvuke zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya Tabora na Mwanza. Ndaki alikua akimwona kaka yake akipita juu ya kichwa chekundu cha garimoshi, mkono mmoja dirishani, asiwapungie hata mara moja kwa sababu alikuwa kazini. Baadaye zikaja injini za dizeli. Mahona akarudi kulima pamba na kufuga ng'ombe kijijini Sapiwi, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akizungumzia reli isipokuwa amechokozwa.

Ndaki alimchokoza kwa simu. Alikuwa ametafuta picha za injini nzuri kuliko zote duniani, akazihifadhi, na kila Jumapili alipokwenda Sapiwi walikaa uani wakizitazama, wazee wawili wameinamia kioo kidogo. Kulikuwa na ya kijani yenye bomba la moshi lililozungushiwa shaba. Kulikuwa na nyeusi ya Marekani, pua yake ya duara kama risasi. Ila Ndaki aliipenda ya bluu, ya Uingereza, iliyofunikwa mwili mzima kwa bati, ikateremka kutoka mgongoni hadi puani bila kitu kujitokeza. Ilikuwa laini kama sangara aliyetolewa majini sasa hivi.

"Hiyo wameivisha sanda," Mahona alisema.

"Kaka, tazama huo mstari!"

"Natazama. Sioni inapumulia wapi." Akasogeza picha kwa kidole mpaka akaifikia moja ya zile ndefu za kwetu, matangi mbele na nyuma, boila la kuchemshia maji katikati, mabomba yote nje. "Hii ndiyo nzuri. Ukiwa juu yake unajua kila kitu kinachomuuma."

Jumapili iliyofuata Mahona aliuliza boila la Ndaki limefikia wapi.

Garimoshi likatengenezwa pole pole. Boila lilikuwa kipande cha bomba nene kutoka kwenye vyuma chakavu vya kinu cha pamba. Magurudumu Ndaki aliyachonga mwenyewe. Likiwa limesimama lilikuwa na urefu wa ng'ombe aliyelala, na reli yake ya vyuma vya pembe ilienea hatua arobaini kwenye ua wa Mahona. Mahona ndiye aliyelazimisha boila lijazwe maji baridi na kusukumwa kwa pampu hadi mara mbili ya nguvu litakayobeba. Lilihimili. Siku hiyo alimshika mdogo wake bega, jambo ambalo si kawaida yake.

Tatizo likabaki moja. Juu ya boila ilikaa valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe na kutoa mvuke nguvu inapozidi. Ilisimama wima, kimo cha kiganja, katikati kabisa ya mgongo. Ndaki alipofunika mwili kwa bati na kupaka rangi ya bluu, valvu ikatokeza kama jipu.

"Inaharibu kila kitu," alilalamika.

"Ng'ombe wetu wote wana nundu," Mahona akasema. "Umemsikia nani akisema ni wabaya? Iache."

Ndaki alikuwa amealikwa kulionyesha kwenye viwanja vya Nanenane, Nyakabindi. Wiki tatu kabla, akiwa peke yake kibandani, alilikata bati la mgongo upya, akalipandisha kidogo, akaifunika valvu. Kwanza alitoboa matundu ya mvuke kutokea. Matundu yalionekana. Akayaziba kwa riveti, akasugua, akapaka rangi. Kati ya ncha ya valvu na bati palibaki nafasi ya unene wa shilingi. Alijiambia kwamba inatosha. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni, akalitazama, na machozi yakamtoka, kwa sababu katika maisha yake hakuwa amewahi kufanya kitu cha namna ile.

Jumamosi moja ya Julai, asubuhi, wakaliwasha kwa mara ya kwanza pale Sapiwi. Mahona alivaa shati la kanisani. Alilizunguka garimoshi mara mbili, akapitisha kiganja mgongoni.

"Valvu iko wapi?"

"Iko chini ya bati."

"Inafanya kazi?"

Ndaki alisema, "Inafanya kazi."

Mahona alimtazama kwa muda. Halafu akapiga magoti, akaingiza kuni nyembamba za mti wa mkongowe, akawasha.

Saa nzima hakuzungumza na mtu. Alikuwa akisikiliza. Mke wake, Wilhelmina, alitoka jikoni na kusimama mbali kidogo akicheka, akisema hajawahi kumwona mzee wake akiwa kijana. Garimoshi lilikwenda. Lilikwenda hatua arobaini na kurudi, likitoa pumzi fupi fupi, na kuku wote wa boma wakakimbilia mtamani. Ndaki alikuwa akitembea kando yake kama mtu anayemsindikiza bibi harusi.

Waliposimama mara ya tatu, Mahona aliinama kwenye geji ya kupimia nguvu ya mvuke. Mshale ulikuwa umepita alama nyekundu.

"Ndaki. Nenda kaniletee ndoo ya maji kule birikani."

"Kuna nini?"

"Nenda! Wilhelmina, rudi ndani. Ndani!"

Birika la ng'ombe lilikuwa nje ya boma. Ndaki alikimbia. Aligeuka mara moja tu, akamwona kaka yake akikokota moto nje ya tanuru kwa koleo, kisha akinyoosha mkono kwenye koki ya kutolea maji ya boila. Mlio ulikuja kabla hajafika birikani. Haukuwa mkubwa kama alivyodhani mlio wa namna hiyo ungekuwa. Ulikuwa kama turubai kubwa lililochanika. Ua wote ukawa mweupe.

Alimkuta Mahona amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele, akitazama mikono yake. Shati la kanisani lilikuwa limeshikamana na kifua. Ngozi ya mkono wa kulia ilikuwa imechunika hadi kwenye vidole kama soksi.

"Usinivue shati," Mahona alisema, sauti yake ya kawaida kabisa. Kisha akaanza kutetemeka.

Watu wakaja. Mmoja alikuwa na dawa ya meno, mwingine asali, mwanamke mmoja akaja na pamba mpya amekumbatia rundo zima. Ndaki aliwafukuza kwa koleo akipiga kelele ambazo hata mwenyewe hakuzielewa. Akalowesha kitenge cha Wilhelmina kwa maji safi, akamfunika. Maige, jirani mwenye pikapu, alikuwa amepakia marobota ya pamba kupeleka mnadani. Akayaangusha yote barabarani, akageuza gari.

Nyuma ya pikapu Ndaki alimshikilia kaka yake asigongwe na bodi. Kila shimo Mahona alitoa sauti ndogo puani. Wilhelmina alikuwa amepakata kichwa chake, akisali rozari bila rozari, akihesabu kwa vidole. Katikati ya sala alimwangalia Ndaki.

"Wabeja sana, shemeji, asante," alisema. "Usingekuwepo angekufa pale pale."

Ndaki alifungua mdomo. Vumbi likaingia.

Pale Bariadi walimfunga, wakamwekea dripu, wakasema apelekwe Mwanza haraka. Gari la wagonjwa likachukua barabara ya Lamadi. Ndaki aliketi mbele na dereva, hakuruhusiwa nyuma. Lamadi gari lilizuiwa na malori ya samaki yaliyokuwa yakigeuza barabarani, na dereva akapiga king'ora, na hakuna aliyesogea kwa sababu hapakuwa na pa kusogea. Ndaki akashuka. Akaenda lori hadi lori akipiga milango kwa ngumi. "Ni kaka yangu! Jamani, ni kaka yangu!" Dereva mmoja akamtukana, kisha akaona uso wake, akarudisha gari nyuma hadi mtaroni.

Hospitalini, daktari kijana aliwaambia ukweli. Karibu theluthi ya mwili imeungua. Jicho la kulia limeumia. Hatari kubwa sasa ni figo, na baada ya hapo ni vidonda kuoza.

"Chukueni ngozi yangu," Ndaki alisema. Alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya shati. "Ya mgongoni, ya mapajani. Sisi baba mmoja mama mmoja."

"Mzee, mwili wake utaikataa. Itachukuliwa yake mwenyewe, akipata nguvu."

"Jaribuni tu."

"Mzee, funga shati."

Siku ya pili askari alikuja kuuliza. Mahona, kichwa kizima kimefungwa isipokuwa mdomo, alisema polepole kwamba yeye ndiye aliyezidisha moto, amezeeka, amesahau kazi. Askari aliandika, akaondoka. Wilhelmina akatoka koridoni akilia. "Anajilaumu," alimwambia Ndaki. "Miaka hamsini tangu aanze kazi ya moto, na leo anajiita mzembe. Kamwambie si kosa lake."

Hapo ndipo Ndaki alipoambiwa afanye jambo asiloweza.

"Shemeji, ni mimi. Niliifunika valvu. Mvuke haukuwa na pa kutokea."

"Kwa nini uifunike?"

Alitafuta jibu ambalo mtu mzima anaweza kulitoa mbele ya mwanamke ambaye mumewe yuko nyuma ya ule mlango.

"Ilikuwa mbaya," alisema. "Kwa kuitazama."

Wilhelmina alifuta uso wake kwa khanga, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. "Usiingie chumba hiki," alisema. "Hata akikuita."

Ndaki akakaa nje, kwenye benchi la simenti chini ya ngazi, pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Siku tisa. Alifua mashuka na khanga za Wilhelmina, akazianika, akazikunja na kuziacha mlangoni. Alinunua uji asubuhi akampa nesi aupeleke. Siku ya nne alisikia homa imepanda. Siku ya sita alisikia kwamba Mahona anazungumza na watu wasiokuwepo, akiwaambia wafungue njia. Kila machela iliyopita ikiwa imefunikwa hadi kichwani, aliinuka na kuangalia miguu. Usiku hakulala, na mchana hakuweza kukumbuka kama amekula. Alimwomba Mungu kwa Kiswahili, na ilipoonekana hasikii, alimwomba kwa Kisukuma, akiita majina ya babu zake waliofia Malampaka, ingawa yeye ni mlokole na alijua mchungaji angesemaje.

Siku ya kumi Wilhelmina alifungua mlango. Alikuwa amekonda.

"Wanataka ageuzwe kila baada ya saa mbili," alisema, akitazama ukuta. "Manesi ni wawili kwa wodi nzima. Mgongo wangu umekataa. Njoo ushike miguu."

Aliingia. Harufu ilimpiga kwanza. Mahona alikuwa mdogo kitandani. Bandeji za usoni zilikuwa zimepunguzwa; jicho la kushoto lilikuwa wazi, peke yake, jeusi kama zamani. Walimgeuza kwa hesabu ya tatu, naye akauma shuka. Kisha Wilhelmina akachukua beseni, akaenda kumwaga maji machafu mwisho wa korido.

"Ndaki," Mahona alisema. Alivuta pumzi kati ya maneno. "Nilipokuuliza. Nilijua unadanganya."

"Kaka, nyamaza."

"Nilipitisha mkono. Hakukuwa na tundu. Fayamani hawezi kukosa kujua hilo." Alipumzika. "Nilisema nitawasha kidogo tu. Iende kidogo. Miaka arobaini na tano sijakaa mbele ya tanuru, mdogo wangu. Nilitaka moto."

Ndaki aliendelea kushika vifundo vya miguu ya kaka yake, ingawa kazi ya kushika ilikuwa imekwisha.

"Wilhelmina usimwambie," Mahona alisema. "Au mwambie. Sijui. Wewe amua, mimi nimechoka."

Ndala za Wilhelmina zilisikika zikirudi. Aliweka beseni chini ya kitanda, akamtazama mumewe, kisha kwa mara ya kwanza tangu siku ya pili akamtazama Ndaki usoni. Macho yake yalikuwa makali, lakini yalikuwa yamesimama imara, kama ya mtu aliyepata katika hasira kitu cha kushikilia ili asianguke.

"Alikuwa anasema nini?"

"Ameomba maji ya kunywa," Ndaki alisema.

Wilhelmina alimimina kikombe. Ndaki akaweka kiganja nyuma ya shingo ya kaka yake, pale ambapo ngozi ilikuwa nzima, akainua kichwa taratibu mpaka midomo ikafika.