Nchi kwa Wenyewe

Siku Kiongozi alipotangazwa mshindi, karani wa vizazi alipanda juu ya meza ya dada yake akacheza dansi na soksi tu miguuni mpaka mguu mmoja wa meza ukang'oka. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane! Shemeji yake kinyozi, mume wa dada huyo, ndiye aliyemdaka, akamwambia ushindi ni wenu lakini meza ni yangu. Walicheka wote. Mashemeji hao walikuwa wametaniana miaka ishirini, na hata kampeni, iliyogombanisha ndugu wa tumbo moja, haikuwafikisha pabaya. Kinyozi hakumpenda Kiongozi. Karani alimpenda kama mgonjwa anavyompenda daktari aliyemwambia hatimaye anaumwa nini.

Nchi kwa Wenyewe, ndivyo mabango yalivyosema, naye aliona ni haki tupu. Miaka thelathini na mitatu amekaa kwenye dirisha moja akiandika nani kazaliwa wapi; mwenyewe ni nani kama si yeye? Dada yake alipouliza hao wasio wenyewe watapelekwa wapi, alimjibu kwamba asiye na la kuficha asiogope.

Waraka ulifika wiki ya sita. Kila mtu mzima ambaye cheti chake kinaonyesha alizaliwa ng'ambo ya mto, ambako ni nchi nyingine, aje na cheti hicho ofisini, kisha apewe siku thelathini za kufungasha virago. Mkuu wa ofisi aliusoma kwa sauti, makarani wakapiga makofi, na karani wetu naye akapiga. Makofi hayajaisha, akakumbuka. Mikono ikamfia hewani.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka ishirini na mitano nyuma iliamriwa watu wazima wote waandikishwe kwa mkupuo, wakamiminika dirishani kwake na vikaratasi vya mkunga. Mkunga alikuwa mmoja tu, bibi aliyekuwa akivuka mto kwa mtumbwi na kuingia nyumba hii na ile upande huu kuzalisha. Lakini kituo chake kilikuwa ng'ambo, na muhuri wake ulitaja ng'ambo. Sheria ilimtaka karani amuulize kila mtu nyumba alimozaliwa. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, naye alikuwa na sifa ya mwandiko mzuri na mkono mwepesi. Hakuuliza. Alinakili muhuri. Kazi ya mwezi aliimaliza kwa siku tisa, akapewa barua ya pongezi, akaitundika sebuleni.

Tangu waraka usomwe hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anasahau alichosimamia. Anafungua kabati, anafunga. Mkewe akauliza kama ni presha, akasema ndiyo, presha. Alijiambia kwamba waraka haukuwalenga watu kama shemeji, ambaye cheti chake nacho kilisema ng'ambo, uliwalenga wale wengine. Lakini alipowatafuta wale wengine kichwani mwake, kila sura iliyomjia ilikuwa na mtaa wake, kazi yake na watoto wake. Kumbe ndio hao hao! Aliona aibu, na aibu ikamwasha mwilini kama upupu.

Alimwendea mkuu, akamuuliza kwa kuzungukazunguka: je, cheti kikiwa kimekosewa? Mkuu akamtolea fomu. Kosa husahihishwa na karani aliyeliandika, kwa kiapo, na karani huyo huchunguzwa kama mtu aliyewapa wageni nafasi ya kujificha.

"Sasa nani atajitia kitanzi kwa mkono wake?" mkuu alisema, akampigapiga begani.

Alhamisi asubuhi kinyozi alisimama dirishani, shati limepigwa pasi, cheti mkononi. Mkewe, dada wa karani, hakuja, alikuwa nyumbani anafunga mizigo ya watu watano, kwani alikuwa ameapa kwamba mumewe akivuka, anavuka naye, na watoto pia. Karani alishindwa kumtazama shemeji yake, akakitazama cheti. Herufi zilikuwa zimesimama wima, hazina doa. Aliyachukia yale maandishi.

"Ulizaliwa upande huu," alisema. "Nyumba ya mama yako, nyuma ya soko. Kosa ni langu, shemeji. Nilinakili muhuri tu."

"Najua. Nilikwambia siku ile ile, ukaniambia nisikucheleweshe."

"Na miaka yote hii hukunikumbusha?"

"Lilikuwa kosa dogo," kinyozi alisema. "Nani alijua nchi ingekuja kulihitaji?"

Karani alivuta fomu. Aliandika jina lake, akaandika kwamba anaapa. Chini yake palikuwa na swali moja zaidi: idadi ya vyeti ulivyokosea. Aliandika: kimoja. Kimoja kingemwokoa dada yake. Kimoja kingeweza hata kusameheka, kikaitwa usahaulifu wa mtu mzima.

Kinyozi aliweza kusoma maandishi yaliyogeuka juu chini. Alilisoma lile neno, kisha akatazama foleni iliyokuwa nyuma yake, iliyotoka mlangoni ikapinda na ukuta hadi barabarani. Alisogea tu pembeni, akampisha aliyemfuatia, bibi mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani. Bibi akakinyoosha cheti chake kwa viganja vyote viwili juu ya kizingiti cha dirisha.

"Na changu, mwanangu," alisema, "nitazamie."

Kalamu ilikuwa bado juu ya neno kimoja.