Nywila ya Msimamizi

Kiwanda cha betri kilipojengwa, walituambia moshi ule ni harufu ya ajira. Mimi sisahau. Leo hao hao ndio wanaolipia mtandao wa maktaba ya chuo, na bango lao mlangoni ni kubwa kuliko jina la maktaba yenyewe.

Mpwa wangu wa kike, tunamwita Chiriku, alikuwa anaandika tasnifu kuhusu madini ya risasi kwenye visima vya mtaa wetu, kikiwamo kile anachochota mama yake. Alisomea karakanani kwangu, kompyuta katikati ya vyuma ninavyochomelea. Makala za utafiti hazifunguki bila nywila, na wanafunzi walikuwa hawapewi. Msimamizi wake, mzee wa huruma, akaligawia darasa zima ya kwake. Kila aliyesoma, alisoma kwa jina la msimamizi.

Jumatatu makala moja ikagoma: Huna ruhusa. Kesho yake zikagoma mbili, zile zile alizofungua jana.

"Mtandao tu huo, Mjomba," alisema mwanafunzi mwenzake, Kibonge, anayeandika tasnifu ya ufugaji wa kuku, aliyekuja kuchaji simu.

"Makala zako za kuku je, zinafunguka?" Chiriku akamuuliza.

"Za kuku? Zinafunguka mpaka zinataga!"

Nilicheka. Chiriku hakucheka. Alimwomba atafute makala ya risasi kwa simu yake. Ikafunguka. Chai haijapoa, ikafungwa mbele ya macho yetu.

Kibonge akaweka kikombe chini. "Kuna mtu anasoma nyuma yetu."

Chiriku akaenda kwa msimamizi. Alirudi akakaa kwenye benchi, mkoba bado begani.

"Rafu zake za vitabu ziko tupu, Mjomba. Kibao cha jina kimeng'olewa, skrubu ziko sakafuni. Katibu wake anasema amepewa likizo. Hakuomba."

"Walidhani ndiye anayechimba habari za risasi."

"Na kumbe ni mimi."

Alasiri hiyo chuo kikatuma ujumbe: nywila ya zamani imefutwa. Kila mwanafunzi ajisajili kwa jina, picha na mahali anapoishi, atafunguliwa kila kitu. Haki hiyo ya wanafunzi nimeidai kwenye geti la chuo mpaka sauti ikanikauka. Miaka yote walikuwa viziwi. Leo wametoa bila hata kuombwa.

Ilikuwa imebaki makala moja, ya kiasi cha risasi kinachomdhuru mtoto.

"Iache, mama," nilimwambia Chiriku.

"Bila hiyo watasema nimetunga. Watoto wanakunywa yale maji, Mjomba. Niiache vipi?"

Nilishika waya wa umeme, tayari kuuchomoa. Akanitazama tu. Nikauachia.

Akaandika jina lake, kisha mtaa wetu. Kompyuta ikampiga picha. Makala ikafunguka papo hapo, kurasa zote; haikuwahi kufunguka haraka namna ile.

Akainamia kuandika. Nje jua lilikuwa bado kali, wateja wangali njiani. Nikafunga mlango wa karakana, nikatia komeo.