Nakala Iliyozidi

"Hivi mama, mtu aliyelala fofofo anakutwaje mlangoni?" jirani aliwahi kumuuliza mjane wa mlinzi, wakianika nguo. Mjane alibana shati kwenye kamba, akasema Mungu anajua. Kampuni ilikuwa imeshatoa kauli: mlinzi alilala akaacha jiko la mkaa likiwaka, ghala likateketea naye akiwa ndani. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita marehemu Bwana Usingizi. Mjane aliendelea kupiga deki ofisi za kampuni ileile, na kila sala alimwombea mumewe asafishwe jina.

Asubuhi moja alikuwa akideki chumba cha kompyuta. Fundi kompyuta, ambaye ndiye aliyemwoa binti yake, alikuwa amemaliza kunakili picha za kamera za ulinzi kutoka diski ya zamani, iliyoanza kukwaruza, kwenda diski mpya. Sasa alikuwa akihakikisha kwamba zimefika sawasawa. Utaratibu ulijulikana: faili zikilingana, diski ya zamani inavunjwa, zisipolingana, wakubwa wa makao makuu wanakuja kujionea wenyewe.

Zote zililingana isipokuwa ya siku ya moto. Kwenye diski ya zamani, picha zilianza moshi ukiwa umeshatanda. Kwenye mpya zilianza jioni, jua bado lipo. Meneja alionekana akifunga ghala kwa kufuli, kwa nje, mlinzi akiwa ndani. Ndivyo alivyozoea kumfungia ili asiibe.

"Mama, nakala imezidi," alisema fundi.

"Naona. Nyanyua miguu, baba, nipitishe dekio."

Fundi akafuta, akanakili upya. Ikaja vilevile, safari hii na harufu ya gunia linaloungua. Alipojaribu tena, diski mpya ikaanza kubisha. Ilibisha hata baada ya kuchomolewa waya, ngumi za mtu mzima juu ya bati, na sauti ya mlinzi ikirudia bila pupa: "Bosi, nifungulie." Mhasibu wa chumba cha pili akaomba wapunguze kelele, anakosea hesabu. Dada wa mapokezi akaongeza sauti ya redio.

Meneja alikuja na kikombe chake cha chai. Akasikiliza kidogo, akanywa.

"Kumbe Bwana Usingizi leo yuko macho," alisema. Kisha akauliza kompyuta inasemaje. Fundi akajibu kwamba inasema hazilingani.

"Na wewe unasemaje?"

Fundi akamtazama mama mkwe wake. Mjane alikuwa ameshikilia dekio, midomo ikicheza kwa sala, lakini hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho. Diski ilibisha. Masizi yalikuwa yameanza kuenea juu ya meza, na fundi akayafuta kwa mkono wa shati.

"Zinalingana," alisema.

Meneja akaagiza ya zamani ivunjwe, na mpya ipelekwe stoo, mbali na mhasibu. Akarudi ofisini kwake kumalizia chai.

"Mama, nina watoto wanaonitegemea," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Nao ni wajukuu wa huyo anayebisha."

Mjane akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Akatoka.