Swali la Arobaini na Moja

Wilhelmina Shimba alimchukia Gosbert Rwekaza tangu siku ya kwanza, na wala hakuficha. Kijana alishuka na ndege kutoka Dar es Salaam akiwa na maboksi manne, akapewa chumba cha juu chenye kiyoyozi, chumba ambacho wakaguzi wa mikopo wa benki ile walikiomba miaka kumi bila kupewa hata feni. Zamani wakaguzi walikuwa saba. Mwaka huo wa 1995 ulipofika mwezi wa sita alibaki mmoja, na huyo mmoja ndiye Wilhelmina, mjane wa miaka hamsini na mitatu. Ishirini na mitatu kati ya hiyo aliimalizia kwenye Landrova, akizunguka Magu, Kwimba na Misungwi, kuamua nani akopeshwe na nani aambiwe arudi mwakani.

Barua yake ya kupunguzwa kazi ilikuwa fupi. Soko ni huria sasa, ilisema, na benki haiwezi kuendelea kubeba watu. Kiinua mgongo kingelipwa "baada ya mhusika kukabidhi ujuzi wake kwa Mtaalamu". Aliisoma mara tatu akitafuta jinsi ujuzi unavyokabidhiwa. Funguo zinakabidhiwa, na gari linakabidhiwa likiwa na jeki yake. Ujuzi je, unafungwa kwenye kitambaa?

Akadhani huyo Mtaalamu ni Gosbert. Kumbe Mtaalamu lilikuwa jina la programu ndani ya kompyuta. Gosbert alikuwa ameitengeneza Uingereza alikosomea, na alisema ikishalishwa majibu ya kutosha itaamua mikopo yenyewe, kwa dakika sita, bila Landrova, bila posho ya safari na bila mkaguzi.

"Shikamoo mama," alisema asubuhi ya kwanza, akawasha mashine kabla ya kupokea marahaba. "Tuanze. Mkulima ana ekari kumi za pamba. Unampa mkopo?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea choo chake."

Gosbert aliinua uso. Wilhelmina hakuwa akitania. Mtu anayetengeneza choo chake kabla hakijaanguka ni mtu anayefikiria mwakani, na mtu wa namna hiyo hulipa. Vilevile aliangalia majembe. Jembe likicheza kwenye mpini mwezi wa kumi na moja, mwenye jembe hajalima, hata akuapie kwa mama yake. Mambo haya aliyajua kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani kwake Pasiansi.

"Mama, mashine haiwezi kwenda kuangalia choo."

"Basi ni mtaalamu wa nini?"

Waliendelea hivyo wiki nne. Kijana aliuliza kwa kiburi cha msomi na mama alijibu shingo upande. Maswali yalifika arobaini. Ndipo Gosbert alipochukua mafaili arobaini ya zamani, yale ambayo Wilhelmina mwenyewe aliwahi kuyaamua, akayapitisha kwenye mashine aone kama watakubaliana. Thelathini na moja walikubaliana. Tisa walipishana kama watu wawili wasiojuana, na yote tisa yalihusu wafugaji.

"Nieleze hili," Gosbert alisema, akilitupa faili mezani. "Huyu alikuwa na ng'ombe themanini, ukamnyima. Huyu alikuwa na wanne, ukampa. Na wewe ndiye uliyekuwa sahihi, maana yule wa wanne alilipa, na wa themanini meneja alimpa hata hivyo, wadogo zake wakaja kuomba benki imsamehe. Ulijuaje?"

"Sikumbuki."

Alikumbuka vizuri sana. Usukumani, boma lililojaa si kipimo cha utajiri. Mwenye mali haweki ng'ombe wake wote nyumbani, ugonjwa ukawamaliza kwa siku moja na ndugu wakawahesabu kila wakipita. Huwagawa kwa watu anaowaamini; ndiko kubilisa. Mtunzaji anakunywa maziwa na kulimia madume, lakini ng'ombe si wake. Na jambo kubwa kuliko yote, mtunzaji hamtaji mwenye ng'ombe. Akiulizwa na jirani, na mtoza kodi, na shemeji, jibu lake ni moja: wote wangu. Anayetaja huyo hapewi tena ng'ombe na mtu yeyote mpaka anakufa.

Wilhelmina hakuyajua hayo kwa kusimuliwa tu. Mume wake alipofariki, mashemeji walikuja na lori, wakabeba vitanda, cherehani na mabati yaliyokuwa hayajaezekwa. Tangu hapo kila alichoweka akiba alikigeuza ng'ombe, akawapeleka Bujora kwa mtu anayeitwa Masalu. Sasa walikuwa kumi na wanne. Kiinua mgongo cha benki kingetosha saruji ya chumba kimoja. Ng'ombe wale kumi na wanne ndio waliokuwa uzee wake wote, na hapakuwa na karatasi wala alama iliyosema ni wake. Kulikuwa na Masalu peke yake.

Na Masalu alikuwa mtu. Mwaka jana ng'ombe mmoja alipokufa, aliikunja ngozi juu ya baiskeli akaipeleka mpaka Pasiansi, apate kuonyesha kwamba hakumuuza. Ngozi ndiyo risiti ya mtunzaji. Hata katika ukaguzi wake Wilhelmina alitumia hiyo hiyo: hakumuuliza mwenye boma lolote kuhusu ng'ombe wa watu. Alikaa, akanywa togwa, akazungumza na wanawake habari za magonjwa ya mifugo, kisha akauliza kama mtu asiyejali: yule aliyekufa juzi, ngozi yake mnalalia? Wakisema tunalalia, ng'ombe alikuwa wao. Wakisema baba aliondoka nayo, alijua kuna mtu mahali fulani.

"Nitaandika kwamba umekataa kukabidhi," Gosbert alisema. "Ijumaa wakubwa wanakuja kutoka Dar. Kiinua mgongo utakidai mahakamani."

"Wewe mtu wa ndizi, ng'ombe umewajulia wapi?"

"Ndiyo maana nakuuliza, mama."

Alimtazama, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na akapandwa na hasira. Wenzake sita walikuwa wamekwenda nyumbani, mmoja wao anauza dagaa sasa. Akaamua kumpa nusu.

"Kwenye boma la Msukuma," alisema, "kunakuwa na ng'ombe wa watu wengine."

Gosbert alipiga paja. "Basi! Si jambo la kusema tu?" Akaandika palepale swali la arobaini na moja: Je, kati ya ng'ombe hawa wapo walio mali ya mtu mwingine? Ndiyo, Hapana. Alifurahi kama mtu aliyeokota fedha.

Tuseme ukweli, Wilhelmina naye alifurahi. Alilitazama swali lile kwenye kioo na cheko likamjaa kifuani, akalimeza. Hakuna mtunzaji katika Usukuma mzima angelijibu ndiyo. Swali la ngozi alibaki nalo. Mwacheni Mtaalamu akopeshe maboma ya watu mwaka mmoja, alijiambia, tuone kama hawatanitafuta.

Ijumaa wakubwa watatu walifika, wakakalishwa mbele ya kompyuta na soda zao. Wilhelmina alipewa kiti pembeni, kazi yake iwe kutia sahihi kwamba mashine imeamua kama ambavyo angeamua yeye. Gosbert alieleza kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo. Biashara ya pamba imefunguliwa, alisema, kila mtu anaweza kununua, na benki itakopesha kwa dhamana ya mifugo. Ng'ombe wameshahesabiwa kwenye josho. Mtaalamu akisema ndiyo, bwana mifugo, ambaye sasa hivi yuko boma la mwombaji na chuma kiko motoni, anaitwa kwa simu ya upepo na kuwapiga wote chapa ya benki. Tangu hapo hawatoki bila kibali, na pamba ikigoma kulipa, linakwenda lori.

"Mwombaji wetu wa kwanza," akasema, akafungua mlango.

Akaingia Masalu.

Alivaa koti la kanisani, kofia mkononi. Macho yake yalimpitia Wilhelmina kama yanavyopita juu ya kabati. "Shikamooni," aliwaambia wote kwa pamoja, akakaa.

Wilhelmina alisogeza kiti chake karibu. Masalu, na kununua pamba? Mtu asiyeweza kumwambia mtu hapana. Matapeli wa mjini wangemlia fedha kabla msimu haujafika nusu. Wilhelmina angemkatalia kwa kikombe kimoja cha chai, na mwenyewe angeshukuru. Sasa aliketi hapo akisomewa maswali, na mashine ilikuwa ikimpenda. Ekari kumi na nane. Watoto sita, wote shuleni. Hajawahi kukopa. Ng'ombe waliohesabiwa, sitini na watatu.

"Arobaini na moja," Gosbert alisoma. "Mzee, kati ya ng'ombe hawa wapo walio mali ya mtu mwingine?"

Masalu alinyoosha mgongo.

"Hapana. Wote wangu."

Alilisema bila kupepesa, mbele ya mwenye ng'ombe, kama mtu anayelipa fadhila. Gosbert alikuwa ameshainua kidole kubonyeza.

"Kumi na wanne ni wangu," Wilhelmina alisema.

Mmoja wa wakubwa aliweka chini chupa yake.

"Mama Shimba," Gosbert alisema polepole, "una karatasi?"

"Sina."

"Wana alama yako?"

"Hawana."

"Waheshimiwa, niliwaandikia kwamba mama huyu ameupinga mradi tangu mwanzo. Sikutegemea angefika hapa." Akamgeukia Masalu. "Mzee, unamfahamu?"

Wilhelmina alimwinamia Masalu, akamwambia kwa Kisukuma, haraka, kwamba aseme kweli, kwamba amemruhusu yeye mwenyewe, kwamba chuma kiko motoni. Masalu alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulitulia, hata ukapendeza, na Wilhelmina aliona kwa uchungu kinachopita ndani yake. Alikuwa akidhani ni mtego. Benki imemkamata mama kwa kuficha mali, sasa inamlazimisha ataje, na mwenye moyo mwepesi angekubali hapo hapo. Alijibu kwa Kiswahili, ili wageni wasikie.

"Namfahamu kuwa ni mkaguzi. Kwangu hana hata ndama."

"Muulizeni ngozi," Wilhelmina alisema, na sauti ikamtoka vibaya. "Ng'ombe aliyekufa kwake mwaka jana, ngozi yake iko wapi? Msimuulize yeye. Tumeni mtu awaulize wanawake wa nyumbani kwake kama wanailalia. Ndivyo nilivyojua siku zote, ndivyo nilivyojua kwenye yale mafaili tisa. Mtunzaji humpelekea mwenye ng'ombe ngozi. Hamuwezi kumuuliza mtunzaji mwenyewe, atawadanganya, ni heshima yake kuwadanganya."

Sasa alikuwa amekabidhi. Miaka ishirini na mitatu yote ilikuwa mezani, na hakubaki na kitu. Gosbert hakuwa mjinga. Wilhelmina aliona wazi kwamba amelielewa, na kwamba amelipima na wale watatu waliokaa na soda zao, waliosafiri kutoka Dar kuja kuona kwamba mashine haina haja ya mtu kama yeye.

"Swali la ngozi halimo," alisema. "Ulikuwa na mwezi mzima wa kulisema, mama."

Akabonyeza. Printa ikaanza kelele zake, karatasi ikashuka: MKOPO NDIYO, DHAMANA NG'OMBE 63. Wakubwa walipiga makofi kidogo, kwa ustaarabu. Masalu akatia dole gumba pale alipoonyeshwa, na nyuma yake mtu wa simu ya upepo akaanza kuita Bujora, Bujora, unanipata. Bujora ikaitika. Wilhelmina aliletewa karatasi yake ya kusaini. Alisema hasaini. Gosbert akaikunja, akasema si lazima, programu haihitaji.

Aliteremka ngazi ameshika ukuta. Chini, upande wa kivuli ambako baiskeli hufungwa, Masalu alikuwa akimsubiri. Alitazama kulia na kushoto kwanza, kisha akavua kofia.

"Mayu, mama yangu, nisamehe nilivyokukana mbele za watu," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona wamekubana mpaka unajitaja mwenyewe. Nikasema hapana, mimi siwezi kumuuza huyu mama. Hata wangenichoma na hicho chuma nisingekutaja."

Machozi yalimlenga, ya furaha, maana alijua amefanya kitu ambacho wengi hawakiwezi. Alikuwa akingoja neno la Wilhelmina.

Huko Bujora wakati huo nusu ya boma ilikuwa imeshapita kwenye chuma. Wilhelmina alifikiria kumweleza, toka mwanzo, programu ni nini na nusu aliyoificha ni ipi, na akaona kwamba kila sentensi ingemwangukia yeye, si Masalu.

"Asante, Masalu," alimwambia. "Umenitunzia vizuri."